Filamu za Bosnia na Herzegovina tangu uhuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata. Pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Tukisema filamu za Bosnia, tunamaanisha zipi?

Ni filamu zilizotengenezwa na watu wa Bosnia na Herzegovina tangu nchi hiyo ilipojitenga na Yugoslavia mwezi Machi 1992. Kabla ya hapo Sarajevo ilikuwa na studio kama Bosna Film na Sutjeska Film, lakini kazi zake zilihesabiwa kuwa za Yugoslavia.

Ni sinema ndogo. Sensa ya 2013 ilihesabu watu takriban milioni 3.5 nchini, na kila mwaka hutoka filamu ndefu chache tu. Hata hivyo, sinema hiyo imekwishapata Oscar moja, Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, na tuzo ya Filamu Bora ya Ulaya. Nchi nyingi zenye kumbi nyingi na fedha nyingi zaidi hazijafika hapo.

2. Je, zote ni filamu za vita?

Hapana, na anayezitafuta kwa ajili ya mapigano atarudi mikono mitupu. Vita vimo karibu katika kila moja, ila mara nyingi risasi zimekwisha kunyamaza kabla ya picha ya kwanza. Kinachoonyeshwa ni masalio yake: mama anayemficha binti yake ukweli kuhusu baba yake, wajane wanaopika jemu kijijini ili waishi, kijana aliyerithi deni la marehemu, familia isiyojua mifupa ya mtu wao iko wapi. Huu ndio utajiri wa sinema hii. Imejifunza kuuliza watu wanaishi vipi baada ya waandishi wa habari wa nje kuondoka.

3. Nahitaji kujua nini kuhusu vita ili nielewe?

Mambo manne yanatosha. Kwanza, Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi mwisho wa Februari 1996, huku wadunguaji na mizinga wakiwa kwenye milima inayouzunguka mji. Pili, Julai 1995 majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliuteka mji wa Srebrenica, uliokuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama, na kuwaua wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000. Tatu, mkataba wa Dayton wa 1995 ulisimamisha vita na kuigawa nchi katika sehemu mbili zenye serikali zake: Shirikisho la Bosnia na Herzegovina, na Republika Srpska, sehemu ya Waserbia. Baadaye ikaongezwa wilaya ya Brčko, inayojitawala yenyewe. Nne, majina ya wahusika hubeba habari. Esma, Hamza, Idriz na Senada ni majina ya Waislamu, na wengi wao ni Wabosnia Waislamu wanaoitwa Bošnjaci. Mtazamaji wa Pwani atayatambua upesi kuliko mtazamaji wa Paris.

Kwa msomaji wa Tanzania au Rwanda kuna kiungo cha kweli hapa. Mahakama ya Yugoslavia ya zamani iliyokaa The Hague na ile ya Rwanda iliyokaa Arusha zilikuwa na kitengo kimoja cha rufaa, na kazi zilizobaki za zote mbili zilirithiwa na chombo kimoja chenye matawi Arusha na The Hague. Chombo hicho ndicho kilichothibitisha kifungo cha maisha cha Ratko Mladić mwezi Juni 2021. Mladić huyo, kamanda wa majeshi yaliyoiteka Srebrenica, ni mhusika katika *Quo Vadis, Aida?*.

4. Nianze na ipi?

Anza na *Grbavica* (2006). Haihitaji maelezo ya awali, ni fupi, na mama na binti walioko katikati yake wanaeleweka popote. Baada yake tazama *Ničija zemlja* (2001), kisha *Gori vatra* (2003) ili uone jinsi Wabosnia wanavyocheka, kisha *Snijeg* (2008). *Quo Vadis, Aida?* (2020) iache hadi hapo. Wengi huanza nayo kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi, wakaelemewa, wasiendelee na nyingine.

## Miaka ya mzingiro

5. Kweli watu walitengeneza filamu mji ukiwa umezingirwa?

Ndiyo, na nyingi. Kikundi cha SaGA, kilichoongozwa na Ademir Kenović, kilirekodi maisha ya mji kwa kamera za video. Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Betri zilichajiwa popote palipokuwa na jenereta au gari la jeshi, na uhariri ulingoja saa ambazo umeme ulirudi. Sehemu ya kazi hizo iliunganishwa kuwa *MGM Sarajevo: Čovjek, Bog, Monstrum* (1994), iliyofika tamasha la Cannes katika kitengo cha Wiki Mbili za Waongozaji huku mji ukiwa bado umefungwa.

Itafute pia *Palio sam noge* (1993) ya Srđan Vuletić, filamu fupi kuhusu kijana anayefanya kazi hospitalini ya kubeba viungo vilivyokatwa kwenda kuchomwa. Ni miongoni mwa kazi kali zaidi za kipindi hicho, na haimpigii mtazamaji kelele hata mara moja. Danis Tanović naye alikuwa akirekodi kwa ajili ya hifadhi ya filamu ya jeshi la Bosnia. Usahihi wa mahandaki katika filamu yake ya 2001 unatokana na kazi hiyo.

Picha za watu wa kawaida hazikupotea. *Sjećaš li se Sarajeva* (2003) imeundwa kwa mikanda iliyorekodiwa na wakazi wenyewe.

6. Filamu ndefu ya kwanza baada ya vita ni ipi?

Ni *Savršeni krug* (1997) ya Ademir Kenović, aliyeiandika pamoja na mshairi Abdulah Sidran. Mshairi mlevi anayeitwa Hamza, akiigizwa na Mustafa Nadarević, anabaki na yatima wawili katika mji uliozingirwa. Ilipigwa picha Sarajevo kwenyewe, kwa hiyo magofu unayoyaona hayakujengwa na mafundi wa jukwaa.

## Waongozaji

7. Danis Tanović ni nani, na kwa nini *Ničija zemlja* ilishinda Oscar?

Alizaliwa Zenica mwaka 1969, akaanza masomo ya filamu Sarajevo na baadaye akasoma Brussels. *Ničija zemlja*, yaani ardhi isiyo ya mtu, inahusu askari wawili wa pande adui walionaswa katika handaki moja, na wa tatu aliyelala juu ya bomu litakaloripuka akiinuka tu. Ilipata tuzo ya muswada bora Cannes 2001, halafu Machi 2002 ikashinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mbele ya *Amélie* ya Ufaransa na *Lagaan* ya India.

Siri yake iko katika muswada. Mahali ni pamoja, muda ni siku moja, na swali ni moja lisilo na jibu: nani atalitegua bomu? Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na wapigapicha wa televisheni wanaingia na kutoka, na kila anayekuja anaongeza tatizo. Filamu ilipigwa Slovenia.

Kwa anayetaka kutengeneza filamu kwa fedha kidogo, kazi yake ya kuichunguza ni *Epizoda u životu berača željeza* (2013). Tanović alisoma gazetini habari ya Senada, mwanamke wa Waroma, jamii ya wachache huko Ulaya, ambaye mimba yake iliharibika na hospitali ikamkatalia upasuaji kwa kuwa hakuwa na bima. Zilitakiwa marka 980, kama euro 500. Badala ya kutafuta waigizaji, aliwaomba wenyewe, Nazif Mujić na mkewe Senada Alimanović, waigize yaliyowapata. Alipiga kwa siku 9 kwa bajeti ya takriban euro 17,000. Filamu ina dakika 75 hivi. Berlin ikaipa tuzo kuu ya majaji, na Mujić, muokota vyuma chakavu, akapewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora. Tuzo haikubadili maisha yake: aliiuza kwa sababu ya shida, na akafariki mwaka 2018 akiwa maskini. Anayeisifu filamu hiyo anapaswa kulijua na hilo.

Tanović alipata tena tuzo kuu ya majaji Berlin kwa *Smrt u Sarajevu* (2016).

8. Na Jasmila Žbanić?

Alizaliwa Sarajevo mwaka 1974 na kusomea hapo hapo. Mwaka 1997 alianzisha kampuni ya Deblokada pamoja na mtayarishaji Damir Ibrahimović. *Grbavica*, jina la mtaa wa Sarajevo uliokuwa mikononi mwa majeshi yaliyouzingira mji, inamhusu Esma, anayetafuta fedha za safari ya shule ya binti yake. Binti anaamini baba yake alikufa shahidi vitani, na watoto wa mashahidi wana punguzo. Mama hawezi kuleta cheti, na sababu ni kwamba binti alizaliwa kwa ubakaji kambini. Ilishinda Dubu wa Dhahabu mwaka 2006.

Filamu hiyo iliingia moja kwa moja katika sheria. Wakati wa maonyesho zilikusanywa sahihi za kudai haki za wanawake walionusurika, na mwaka huo huo sheria ya Shirikisho ilirekebishwa ili watambuliwe kuwa wahanga raia wa vita wenye haki ya kulipwa posho.

*Quo Vadis, Aida?* inamfuata mkalimani wa Umoja wa Mataifa huko Srebrenica anayejaribu kumwokoa mumewe na wanawe wawili. Žbanić haonyeshi mauaji. Anaonyesha orodha, milango, mabasi na maofisa wanaosubiri simu. Kwa hiyo hofu yote inabebwa na uso na miguu ya Jasna Đuričić, anayekimbia kutoka ofisi hadi ofisi. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo ikatwaa tuzo za Ulaya za filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kike.

9. Nje ya hao wawili, nimfuate nani?

Aida Begić, kabla ya wote. *Snijeg* yake ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki Cannes 2008. Ni kijiji cha wanawake, wanaume wao hawajulikani walipo, na mwekezaji anataka kuinunua ardhi. Sala, hijabu na udongo vimo kama sehemu ya maisha, si kama bendera. *Djeca* (2012), kuhusu dada na mdogo wake yatima, ilitajwa kwa heshima katika kitengo cha Un Certain Regard cha Cannes.

Pjer Žalica ndiye bingwa wa kicheko chenye uchungu. *Gori vatra*, iliyopata tuzo ya Chui wa Fedha ya tamasha la Locarno, ni mji mdogo unaojisafisha haraka haraka kwa sababu Rais Clinton anakuja: polisi, wahalifu na wazima moto wa makabila hasimu wanalazimika kupendana kwa wiki moja. Srđan Vuletić (tazama swali la 5) alishinda tuzo ya Tiger ya tamasha la Rotterdam mwaka 2004 kwa *Ljeto u zlatnoj dolini*. Alen Drljević aliwakutanisha maveterani wa pande zote katika *Muškarci ne plaču* (2017), filamu ambayo wanaume wanaotazama sana za vita wangeanza nayo.

Filamu fupi zisipuuzwe. *10 minuta* ya Ahmed Imamović ilikuwa filamu fupi bora ya Ulaya 2002, na *Kokoška* ya Una Gunjak ikapata tuzo hiyo hiyo 2014. Zote zinatazamwa ndani ya nusu saa.

10. Mbona waigizaji wakuu ni Waserbia au Wakroatia?

Kwa sababu lugha zao zinaelewana bila mkalimani, na soko la waigizaji halikugawanyika kama mipaka ilivyogawanyika. Mirjana Karanović wa *Grbavica* na Jasna Đuričić wa *Quo Vadis, Aida?* wanatoka Serbia. Leon Lučev, anayeonekana mara nyingi, ni Mkroatia. Mwigizaji wa Belgrade anapokubali kuwa mama wa Kibosnia aliyeteswa, huo ni uamuzi unaomgharimu kwao, na watazamaji wa Sarajevo wanalijua hilo.

## Fedha, tamasha na shule

11. Filamu inalipiwaje?

Hakuna wizara ya utamaduni ya nchi nzima. Utamaduni uko chini ya serikali za sehemu mbili na, ndani ya Shirikisho, chini ya majimbo 10. Upande wa Shirikisho mlango wa kwanza ni mfuko wa filamu ulioko Sarajevo, Fondacija za kinematografiju. Ruzuku yake mara nyingi haifiki hata nusu ya bajeti, lakini bila hiyo wafadhili wa nje hawatoi: wanataka kuona kwanza kwamba nchi yenyewe imeweka chake.

Mtayarishaji hufuata mpango huu. Kwanza muswada na ruzuku ya nyumbani. Pili, mtayarishaji mwenza katika nchi jirani, kama Kroatia, Serbia au Slovenia, anayeomba mfuko wa kwao. Tatu, mshirika wa Ujerumani, Ufaransa, Austria au Uholanzi. Nne, Eurimages, mfuko wa Baraza la Ulaya unaohitaji washirika kutoka nchi wanachama zaidi ya moja. Hesabu huwekwa kwa euro, maana marka ya Bosnia imefungwa nayo: euro 1 ni marka 1.95583.

Panapoharibika ni pa tarehe. Kila mfuko una muda wake wa mwisho na sharti la sehemu ya fedha itumike kwao. Mmoja akichelewa mwaka, wengine wanasubiri au wanajitoa, na mtoto aliyechaguliwa kuigiza anakuwa ameshabaleghe.

12. Ndiyo maana *Quo Vadis, Aida?* ina nchi tisa?

Ndiyo: Bosnia na Herzegovina, Austria, Romania, Uholanzi, Ujerumani, Poland, Ufaransa, Norway na Uturuki. Ukiona filamu imeandikwa nchi nyingi, tazama mwongozaji na kampuni iliyotajwa kwanza ndipo ujue kitovu chake.

13. Tamasha la Filamu la Sarajevo lilianzaje, na linafanyaje kazi leo?

Lilizaliwa ndani ya mzingiro. Obala Art Centar, chini ya Mirsad Purivatra, iliandaa la kwanza kuanzia 25 Oktoba hadi 5 Novemba 1995: filamu 37 kutoka nchi 15, na watazamaji kama 15,000 katika mji ambao kufika ukumbini kwenyewe kulikuwa hatari.

Sasa hufanyika kila Agosti. Tuzo yake ni Srce Sarajeva, Moyo wa Sarajevo, na shindano ni kwa filamu za Ulaya ya kusini-mashariki. Kwa watu wa kazi, kitengo muhimu ni CineLink, kilichoanza 2003, ambako miradi isiyokamilika hukutanishwa na watayarishaji na wanunuzi. Miradi mingi ya swali la 11 hupata mshirika wake hapo.

14. Waongozaji wanasomea wapi?

Wengi wamepitia Akademija scenskih umjetnosti, chuo cha sanaa za jukwaa cha Sarajevo kilichoanzishwa 1981. Kati ya 2013 na 2016 mji ulikuwa pia na film.factory, programu ya mwongozaji Béla Tarr wa Hungaria. Ilivuta wanafunzi wa mbali, wakiwemo Pilar Palomero wa Hispania na Valdimar Jóhannsson wa Iceland.

## Kutafuta na kutazama

15. Natafuta filamu, siipati. Shida ni nini?

Mara nyingi ni jina. Filamu moja huuzwa kwa majina kadhaa: *Grbavica* iliuzwa pia kama *Esma's Secret*, *Gori vatra* ni *Fuse*, *Snijeg* ni *Snow*, *Djeca* ni *Children of Sarajevo*. Majina ya kawaida kama *Snow* hayakusaidii kitu kwenye mtandao. Andika na jina la mwongozaji na mwaka. Jaribu kuandika bila alama: Zbanic, Tanovic, Begic.

Kwa matamshi: š ni sh, č na ć ni ch, nj ni ny ya "nyumba", j ni y, đ na dž ni j ya "jambo", c ni ts.

16. Manukuu yanaonyesha è na æ, au yanaachana na sauti. Nifanyeje?

Herufi za ajabu hutokea faili la manukuu lililohifadhiwa kwa mfumo wa Windows-1250 linaposomwa kama Windows-1252. Ndipo č inakuwa è, ć inakuwa æ na đ inakuwa ð, ilhali š na ž zinabaki salama. Katika VLC, programu ya kuchezea video, fungua mapendeleo, sehemu ya manukuu, uchague Windows-1250. Suluhisho la kudumu ni kulifungua faili kwa usimbaji huo na kulihifadhi upya kama UTF-8.

Kuachana na sauti kuna aina mbili. Ikiwa manukuu yanachelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H katika VLC. Kila mbonyezo unasogeza sekunde 0.05. Ikiwa tofauti inakua kadiri filamu inavyoendelea, kasi hazilingani: filamu ya dakika 100 kwa fremu 24 inakuwa ya dakika 96 kwa fremu 25. Kusogeza hakutasaidia. Badilisha kasi ya manukuu kwa programu kama Subtitle Edit, kutoka 24 kwenda 25 au kinyume chake.

17. Tunataka kuionyesha kwenye klabu yetu ya filamu. Taratibu ni zipi?

Kuwa na nakala ya nyumbani si kuwa na ruhusa. Tazama mwisho wa filamu jina la kampuni ya mauzo ya kimataifa. Likikosekana, iandikie kampuni ya utayarishaji. Barua yako itaje tarehe, mji, idadi ya viti, kama kuna kiingilio au la, na aina ya projekta. Omba angalau miezi miwili mapema. Wakikupa DCP, yaani faili la filamu la kuonyeshea ukumbini, yenye ufunguo, hakikisha ufunguo unaanza saa kadhaa kabla ya onyesho ili uijaribu. Ufunguo unaoanza dakika ile ile ya onyesho umewaharibia wengi jioni yao. Uliza pia manukuu ni ya lugha gani na kama yamechomwa ndani ya picha.

18. Watoto wanaweza kutazama?

*Kokoška* inamhusu mtoto, lakini si ya watoto wadogo. *Grbavica* na *Quo Vadis, Aida?* waachie walio na miaka 15 au zaidi, na ukae nao. Katika darasa la sekondari *Gori vatra* huzua mjadala mzuri.

## Yenye utata

19. Je, Emir Kusturica ni mwongozaji wa Bosnia?

Alizaliwa Sarajevo mwaka 1954, na Mtende wake wa Dhahabu wa kwanza, tuzo kuu ya Cannes, wa 1985, ulitokana na filamu inayoonyesha Sarajevo ya miaka ya 1950. Lakini baadaye alihamia Serbia, na *Underground*, iliyompa Mtende wa pili mwaka 1995, ilipingwa vikali na wengi waliokuwa ndani ya mzingiro. Kazi zake za Yugoslavia ni urithi ambao Sarajevo haiwezi kuukana. Kazi zake baada ya 1992 hazimo katika historia inayoelezwa hapa.

20. Na filamu za kigeni kuhusu Bosnia?

*Welcome to Sarajevo* (1997) ya Michael Winterbottom na *In the Land of Blood and Honey* (2011) ya Angelina Jolie zina waigizaji wa huko, lakini swali linaloulizwa ni la mgeni. Zitazame baada ya za wenyeji.

21. Waliokulia ughaibuni wahesabiweje?

Wengi walitoroka wakiwa wadogo na wanatengeneza filamu kwa pasipoti mbili. Ena Sendijarević alikulia Uholanzi. *Take Me Somewhere Nice* (2019) yake, kuhusu binti anayekwenda Bosnia kumwona baba mgonjwa, ilishinda Sarajevo. Igor Drljača alihamia Kanada, na *Tabija* (2021) yake ilipigwa Sarajevo. Tumewahesabu kuwa wa pande zote mbili. Kwa *Tabija* hasa tunasisitiza: hakuna aliyeonyesha vijana wa mji huo wakitafutana kwa upole kama yeye.

22. Nyumbani zinapokelewaje?

Inategemea uko upande upi. *Grbavica* ilipotoka haikuonyeshwa kwenye kumbi za Republika Srpska, ingawa ilikuwa imeshinda Berlin. Mauaji ya Srebrenica bado yanakanushwa na wanasiasa huko licha ya hukumu za mahakama zilizotajwa katika swali la 3, na filamu inayoyahusu huitwa propaganda na watu ambao hawajaitazama. Upande wa Shirikisho nako kuna lawama: *Na putu* (2010) ya Žbanić, kuhusu kijana anayejiunga na Waislamu wa msimamo mkali na mchumba anayemwona akibadilika, iliwakera baadhi ya waumini.

Kwa upana wa watazamaji, hakuna filamu ya tamasha iliyoufikia mfululizo wa televisheni *Lud, zbunjen, normalan*, ulioanza 2007. Mustafa Nadarević, yule yule mshairi wa swali la 6, ndiye babu Izet Fazlinović, na vipindi vyake vinatazamwa Sarajevo, Zagreb na Belgrade vile vile.